Je, Wajua? Bwawa la Kuogelea la Uani

Mwenye nyumba aliyejaaliwa uwanja wa kutosha na akiba ya fedha, akiazimia kujenga bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yake, aghalabu huanza kufikiri juu ya rangi ya vigae, taa za chini ya maji na viti vya kukalia ukingoni. Na fundi mwepesi wa kuridhisha wateja humfuata katika fikira hizo, kwa kuwa ndizo zinazompendeza tajiri wake. Walakini sehemu ya bwawa iliyo kubwa, iliyo ghali na iliyo ngumu kusahihishwa ni ile inayofukiwa isionekane tena: nondo ndani ya zege, mabomba chini ya sakafu, kokoto chini ya mabomba, na vali ndogo mahali pa kina, ambayo wenye mabwawa wengi hawajui hata kama wanayo. Kwa sababu hiyo makala haya yatashika zaidi yaliyofukiwa, na mapambo tutawaachia wauzaji wake, ambao hawajapata kukosa maneno.

Anasa yenyewe si ngeni katika pwani yetu. Kilwa Kisiwani, juu ya genge linalotazama bahari, yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba la zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Na miongoni mwa nyua na vyumba vya jumba lile limo hodhi la kuogea lenye pande nane, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Pampu haikuwapo, basi maji yake yalitoka ama mawinguni ama katika mikono ya watu walioyapandisha mpaka juu, na sina shaka kwamba waliobeba hawakuwa wale waliooga. Bwawa la leo limeondoa taabu ya kubeba, lakini taabu ya kuyazuia maji yasitoke, na ya kuyafanya yakae safi, bado ni ile ile iliyowakabili waashi wa Kilwa.

Tuchukue mfano wa bwawa la wastani, la jamaa wa nyumba moja, lenye urefu wa meta 8, upana wa meta 4, na sakafu inayoshuka taratibu kutoka kina cha meta 1 upande mmoja hadi meta 1.6 upande wa pili. Hesabu yake ni nyepesi: wastani wa kina ni meta 1.3, na ujazo wa maji ni lita 41,600. Na madhali lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, mwenye nyumba huyu ameazimia kuweka uani kwake mzigo unaokaribia tani 42. Mzigo huo haukandamizi sakafu peke yake. Maji husukuma kuta pia, na nguvu yao huzidi kadiri kina kinavyozidi, hata ukuta mfupi wa upande wa kina, wenye upana wa meta 4 tu, hubeba msukumo wa tani 5 usiku na mchana, na nje yake udongo nao unasukuma kuja ndani.

Wapo wasemao kwamba bwawa lisilofika meta 2 na nusu halina heshima. Rai hiyo siikubali. Kila sentimita inayoongezwa chini huongeza udongo wa kuchimbwa, zege la kumiminwa, maji ya kununuliwa na dawa ya kutiwa, na faida yake humfikia mtu mmoja tu, naye ni yule apendaye kupiga mbizi kwa kichwa. Mtu huyo ni afadhali akakatazwa, kwa maana kichwa kinachotangulia katika maji ya bwawa la nyumbani kimewahi kuvunja shingo za wengi. Tena maji hudanganya macho. Nuru inapotoka majini kuingia hewani hupinda, na mtu asimamaye ukingoni akitazama chini huiona sakafu imepanda, kina kikionekana kama robo tatu tu ya kilivyo. Basi mahali penye meta 1.6 patamwonekea mtoto kuwa ni meta 1.2, naye atashuka akidhani miguu itagusa. Ndiyo maana uzio wa kimo cha meta 1.2 au zaidi, wenye lango linalojifunga lenyewe, sharti uwemo katika ramani tangu siku ya kwanza, wala usiahirishwe mpaka fedha ipatikane. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na ijapokuwa wengi wao walifia katika mito, maziwa na visima, mtoto mdogo hahitaji ziwa. Wala asitarajiwe kupiga kelele: azamaye aghalabu huzama kimya, kwa kuwa mdomo unaotafuta pumzi hauna wasaa wa kuita.

Katika kuchagua mahali, jua na kivuli hushindana. Kivuli cha mwembe ni rehema kwa mwogaji, lakini mwembe humwaga majani, mkungu humwaga zaidi, na mvinje hudondosha vijiti vyembamba vinavyopenya kila wavu; fauka ya hayo, mizizi hutafuta maji na nyufa pamoja. Shimo la maji machafu liwe mbali, na ikiwezekana lichimbwe upande wa mteremko. Upepo nao una haki ya kuulizwa kabla ya fundi kuulizwa. Kila bwawa zuri lina mdomo ulio usawa wa uso wa maji, unaonyonya majani na vumbi kabla havijazama, na mdomo huo huwekwa upande ule upepo unakoelekea, ili upepo ufanye kazi ya ufagio bila ya ujira. Pwani yetu ina pepo mbili, na takataka zilizosukumwa na kusi kuelekea kaskazini zitarudishwa kusini na kaskazi miezi michache baadaye. Mwenye uwezo atajenga midomo miwili, na asiye nao atafuata kusi, ambayo huvuma miezi mingi zaidi.

Baada ya kibali cha ujenzi kutoka halmashauri huja sururu na mabeleshi, au mtambo wa kuchimbia. Shimo la bwawa letu la mfano, likiongezewa unene wa kuta, sakafu na tabaka la chini, litatoa kiasi cha meta za ujazo 63 za udongo. Lakini udongo ukishachimbuliwa huvimba kwa takriban robo, na lori la meta za ujazo 7 litakwenda safari 11 na ziada, jambo ambalo makisio mengi hulisahau mpaka mlima wa kifusi uzibe mlango wa jirani. Pande za shimo zikinyooshwa, mafundi hupima usawa wa ukingo. Timazi na pimamaji vitafaa kwa ukuta, lakini kwa mzingo wote wa bwawa hapana chombo kinachoshinda mpira mwembamba, mwangavu, uliojazwa maji, ambao ncha zake mbili, hata zikitenganishwa na uwanja mzima, huonyesha usawa mmoja. Kosa la sentimita 2, ambalo katika ukuta wa nyumba halimshtui mtu, katika bwawa huonekana na kila mgeni siku ya kwanza ya kujazwa, kwa kuwa maji yatakaa sawa na ukingo ndio utakaofedheheka.

Sasa tufike katika jambo linalostaajabisha wengi, nalo ni kwamba hatari kubwa kwa bwawa lenyewe haitoki katika maji yaliyomo ndani yake bali katika maji yaliyo nje, chini ya ardhi, ambayo mwenye nyumba hayaoni. Gamba la zege la bwawa letu, likiwa tupu, lina uzito wa tani 34 hivi. Likizungukwa na maji ya ardhini yaliyopanda mpaka usawa wa uwanja, kama yafanyavyo katika bonde au ufukwe wakati wa masika, litasukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji ambayo nafasi yake limeitwaa, yaani tani 59, kwa kanuni aliyoitambua Archimedes wa Siracusa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Likiwa limejaa, uzito wake wote ni tani 76, nalo hutulia. Likimwagwa maji kwa ajili ya kusafishwa au kupakwa rangi, linakuwa jahazi lisilo na shehena: hung'oka, hupanda, hupasua mabomba na kuinamisha ukingo, na hakuna winchi ya kulirudisha mahali pake. Wala si lazima maji ya chini yafike juu kabisa ndipo hayo yatokee. Yakizidi kimo cha meta moja hivi kutoka chini ya sakafu, mizani imekwisha kuelemea upande wa pili.

Dawa yake ni mbili, na zote hufukiwa. Ya kwanza ni tabaka la kokoto chini ya sakafu, pamoja na bomba la kupimia linalofika juu, ambalo mtu aweza kuteremsha kamba yenye uzito na kujua maji ya ardhini yamefika wapi. Ya pili ni ile vali tuliyoitaja, iliyotiwa katika sakafu mahali pa kina zaidi, ambayo hufunguka yenyewe maji ya nje yakizidi nguvu ya maji ya ndani, ikayaruhusu yaingie badala ya kuliinua bwawa zima. Ni afadhali bwawa lichafuke kuliko lielee. Na mwenye busara, kabla ya kuchora ramani, atachimba shimo la majaribio katikati ya masika, wala hatalichimba Agosti, ambapo karibu kila kiwanja huonekana kikavu na cha kutumainika.

Nondo husukwa shimoni mithili ya wavu, aghalabu zenye kipenyo cha milimita 10 au 12, zikiachana sentimita 15 hadi 20, na huinuliwa juu ya vipande vidogo vya zege ili zisilale udongoni. Hapa pana hadhari moja iwahusuyo watu wa pwani kuliko wengine. Mchanga wa ufukweni na maji ya chumvi ni adui wa chuma kilichomo ndani ya zege, kwa sababu chumvi huondoa kinga ambayo saruji hukipa chuma; kutu ikianza hutanuka kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka kutoka ndani. Waashi wa Husuni Kubwa walichoma matumbawe kupata chokaa, wakajenga kando ya bahari, na wala kutu haikuwasumbua, kwa kuwa hawakutia chuma; sisi tuliotia chuma tumepata kuta nyembamba zenye nguvu, na pamoja nazo tumepata maradhi ambayo wao hawakuyajua.

Namna ya kuweka zege juu ya nondo hizo ndiyo sehemu ya kisa hiki niipendayo zaidi. Desturi ya mafundi wengi wa kwetu ni kumimina sakafu kwanza, kisha kusimamisha kuta kwa mbao au kwa matofali ya saruji yaliyotiwa nondo, na pale ukuta unapokutana na sakafu, zege jipya juu ya zege la jana, hubaki mshono ambao maji huutafuta kwa subira. Mshono huo sharti uwekewe utepe wa kuzuia maji, ama sivyo siku moja utavuja. Iko namna nyingine, ambayo zege hurushwa kwa upepo mkali kutoka katika mdomo wa mpira, likagandamana na udongo na nondo kwa nguvu ya mwendo wake, sakafu na kuta zikawa kitu kimoja kisicho na mshono, na umbo likawa lolote apendalo mchoraji. Mtambo huo haukubuniwa na mhandisi wala mwashi. Aliyeubuni alikuwa fundi wa kujaza ngozi za wanyama waliokufa.

Jina lake lilikuwa Carl Akeley, mzaliwa wa jimbo la New York mwaka 1864, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Field mjini Chicago, na tembo wawili wapiganao wasimamao hata leo katika ukumbi wa makumbusho yale ni kazi ya mikono yake. Makumbusho wakati ule yalikuwa katika jengo lililobakia kutoka maonyesho makubwa ya mwaka 1893, ambalo kuta zake za nje zilikuwa zikibanduka. Na mnamo mwaka 1907 Akeley, aliyezoea kuunda miili ya wanyama kwa kiunzi na plasta, alitafuta njia ya kuzipaka kuta hizo kwa haraka. Akabuni chombo kinachosukuma mchanga na saruji, vikiwa vikavu, ndani ya mpira kwa hewa iliyoshindiliwa, na maji yakakutana navyo mdomoni tu, wakati wa kuruka. Hataza alipewa mwaka 1911. Mwaka mmoja kabla yake, akiwa katika Mlima Kenya akitafuta tembo, alishambuliwa na mmoja, akajikuta kati ya pembe zake mbili, na wapagazi wakaamini amekufa, lakini alipona. Alipowaona sokwe wa milima ya Virunga, mwindaji yule akageuka mtetezi wao, akawa miongoni mwa waliomshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji aanzishe mwaka 1925 hifadhi ambayo leo ni Virunga ya Kongo; na huko huko, katika mlima Mikeno, alifariki Novemba 1926, akazikwa.

Sidhani kwamba Akeley alipata kuwaza mabwawa ya kuogelea. Lakini bila ya chombo chake pasingalikuwa rahisi kujenga yale mabwawa ya mizingo, mithili ya lile lenye umbo la figo ambalo msanifu wa bustani Thomas Church alilichora mwaka 1948 katika bustani ya Donnell, Sonoma, jimbo la California, na ambalo lilikuja kuigwa katika nyua zisizo na idadi.

Zege likishawekwa, liachwe, lakini lisiachwe peke yake. Watu husema zege linakauka, nao hukosea, kwa maana saruji hushikana kwa kunywa maji katika mabadiliko ya kikemia, na ikikaushwa na jua kabla ya wakati hubaki dhaifu. Basi lifunikwe magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, na nguvu yake ihesabiwe baada ya siku 28. Mabomba yawe yamekwisha kujazwa maji na kushindiliwa kabla zege halijayafunika, kwani uvujaji uliogunduliwa siku hiyo hugharimu gundi kidogo, na uliogunduliwa mwaka ujao hugharimu sakafu. Matundu ya kunyonyea maji chini yawe mawili, yaliyoachana, wala lisiwe moja: mwaka 2002 mtoto wa miaka 7 huko Marekani alinaswa na mvuto wa tundu kama hilo katika hodhi la maji moto, akafa, na sheria iliyopitishwa nchini humo mwaka 2007 ilipewa jina lake.

Maji yakiletwa kwa boza la lita 10,000, bwawa letu litahitaji safari nne na ziada. Kisha pampu huanza kazi ya kuyapitisha katika pipa la mchanga, na wauzaji wa pampu hupenda kusema kwamba kwa saa 6 maji yote yamechujwa. Hasha. Maji yaliyochujwa hurudi yakachanganyika na yasiyochujwa, na pampu huyanywa tena pamoja. Hesabu huonyesha kwamba baada ya kupitisha ujazo wa bwawa zima mara moja, ni lita 63 tu katika kila 100 zilizopita chujioni, na mara tatu ndipo hufika 95. Pampu ndogo iliyonunuliwa kwa kubana matumizi itajilipiza katika bili ya umeme, au katika rangi ya kijani.

Mchanga huondoa vumbi, lakini vijidudu huuawa na klorini, gesi iliyopatikana kwanza na Msweden Carl Wilhelm Scheele mwaka 1774. Nguvu yake hutegemea hali ya maji kuliko wingi wa dawa. Kipimo cha pH kikiwa 7.5, nusu ya klorini iko katika umbo lake kali liuwalo. Kikipanda mpaka 8, hubaki takriban robo, na mwenye bwawa humimina dawa juu ya dawa asijue kwamba iliyomo imelala. Jua la mchana nalo huiteketeza kwa saa chache isipowekewa asidi ya sianuriki ya kuihifadhi, na kwa sababu hiyo klorini hutiwa jioni. Ama ile harufu kali ambayo wengi huiita harufu ya usafi, na macho mekundu yanayoandamana nayo, hutokana na klorini iliyoungana na jasho na mkojo wa waogaji. Bwawa safi halinuki hivyo. Kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia ni adabu, na pia ni hesabu ya fedha. Na klorini isichanganywe kamwe na asidi katika ndoo moja, kwa maana gesi itokayo iliwahi kutumiwa vitani kuua watu.

Mwezi wa kwanza ukipita, mwenye bwawa ataona maji yamepungua, naye atamshuku fundi. Katika joto la pwani uso wa maji waweza kupoteza milimita 5 kwa siku kwa mvuke peke yake, ambazo katika bwawa letu ni lita 160, au karibu nusu ya boza kwa mwezi. Kabla ya kugombana, na achukue ndoo, aijaze maji, aiweke juu ya ngazi ya ndani ya bwawa ili joto la maji yote mawili liwe moja, atie alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo na nje yake ukutani, kisha azime pampu na kungoja siku moja isiyo na mvua. Ndoo hupoteza kwa mvuke tu. Alama zote mbili zikishuka sawa, fundi hana kosa. Ya bwawa ikishuka zaidi, aite fundi, na waanze kukagua pale mabomba yanapotoboa ukuta.